Kamba za Vipimo

Fundi aliwajua watu wa ofisi kwa viatu. Angeweza kuwa amezama kwenye cherehani, mguu unakanyaga, pini tatu mdomoni, na bado akasikia soli ngumu ikikanyaga kokoto za mtaa wetu hapa Ngokolo kabla mimi sijasikia lolote. Alinyanyua kidole kimoja, nasi tuliokuwa chumbani tukanyamaza. Kiatu kikipita alitema pini kiganjani na kusema, "Amekwenda." Kisipopita, wateja waliinuka na nguo zao ambazo bado hazijatiwa mikono, wakajifunga khanga juu yake, wakatoka kwa mlango wa nyuma. Mlango huo ulitokea uani kwangu, karibu na jiko.

Ndivyo hofu yake ilivyokuwa yangu. Aliniomba mara moja tu, mwaka nilipohamia, akiwa amesimama penye ua wa minyaa uliotutenganisha: "Mwalimu, wageni wangu wakipita kwako utachukia?" Nilisema sitachukia. Sikujua ninakubali nini. Tangu siku ile kila aliyekwenda kupimwa nguo alipita mbele ya sufuria zangu, akanisalimia, akainama chini ya kamba ya kuanikia, akaingia kwake. Mimi ni mwoga tangu utotoni, nalisema mapema ili nisije kuonekana najificha. Kila walipopita niligeuza uso ili baadaye niweze kuapa kwamba sikuona mtu.

Jambo lenyewe, ukilieleza kwa mtu wa mbali, litamchekesha. Viwanja vya upande wetu vilipimwa kuwa vya makazi, na neno hilo limeandikwa kwenye karatasi ya kila mmoja wetu. Ukishona nyumbani kwako hakuna anayekuuliza. Watu wakianza kuingia na kutoka, hapo wanasema nyumba imegeuka duka, na duka linataka leseni, na leseni inataka kiwanja kilichoruhusiwa kupokea wateja. Fundi alilifupisha kwa namna yake. "Kushona si kosa," alikuwa akisema, "kosa ni kufungua mlango." Basi mlango wake wa mbele, ule wa bluu, haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo aliufagilia kila asubuhi, na kokoto zake zilikuwa safi kuliko za mtaa mzima.

Wengi walimshauri akodi fremu ya duka mjini, karibu na soko, kama mafundi wenzake. Alikataa, na kukataa kwake kulikuwa na sababu. Wanawake waliokuja kwake walikuwa na jambo mwilini ambalo hawakutaka kulivulia nguo nyuma ya pazia la sokoni. Mmoja alikuwa amekatwa titi. Mmoja bega lake liliungua na mafuta. Wapo waliokuja kwa basi kutoka upande wa Bulyanhulu, wake wa watu wa mgodini, kwa sababu tu tumbo lilikuwa limegoma kurudi baada ya uzazi wa tano na fundi wa kule alilitaja mbele ya watu. Fundi hakutaja. Alipima kimya, akakata, na nguo ilipokuja kuvaliwa ulimwona mtu anatembea uani kwangu kifua mbele. Nimewaona wakilia jikoni kwangu kwa furaha, nami ninawahimiza wapite upesi.

Sasa niseme habari za kamba, maana ndizo zilizoleta yote.

Fundi hakutumia tepu. Alikuwa nayo, imening'inia kwenye msumari, mpya kabisa. Alipimia kamba ya pamba aliyoisokota mwenyewe pajani, kwa pamba aliyoletewa na ndugu zake wa Kishapu. Kila mteja alikuwa na kamba yake moja. Fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu nyonga, la nne urefu wa mkono. Kwenye ncha alifunga kipande cha kitambaa cha nguo ya kwanza aliyomshonea mtu huyo, ili asichanganye. Kisha akaitundika. Ukuta mzima wa chumba cha ndani ulikuwa kamba tupu, kila moja na kitambaa chake, na upepo ukiingia zilitikisika kidogo. Nilipoingia mara ya kwanza nywele zilinisimama. Nilimuuliza kwa nini asiandike tu kwenye daftari.

"Namba inasomwa na kila mtu," alisema. "Kamba inanijibu mimi peke yangu. Na karatasi ina miguu, mwalimu. Leo unaiandika hapa, kesho iko mezani kwa mtu usiyemjua."

Mtu huyu aliyeogopa karatasi hakutupa karatasi hata moja. Bahasha za kanisani, kadi za kliniki za watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima, risiti ya cherehani, vyote vilikaa kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda. Aliogopa maofisa, lakini tajiri hakumtisha. Niliwahi kumsikia akimwambia mama mmoja mwenye gari, "Kitambaa hiki kinakudanganya, kirudishe." Kanisani alifika wa kwanza na kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Akikusifu alikusifu kwa kukosoa. "Leo hukuvaa vibaya sana." Nilikuwa nikiipokea sifa hiyo na kukaa nayo wiki nzima.

Alikuwa na desturi moja zaidi. Mteja akifariki, hakuiacha kamba yake ukutani. Aliishusha, akaketi nayo kwenye kigoda uani, akafungua mafundo moja baada ya jingine huku midomo ikicheza. Alikuwa akisali Salamu Maria, moja kwa kila fundo. Mafundo yakiisha, kamba iliingia motoni. "Haifai mtu kubaki amepimwa wakati hana tena cha kuvaa," aliniambia.

Na macho yake yalikuwa mekundu. Yalifanywa hivyo na moshi wa pasi ya mkaa na miaka ya kutunga uzi kwenye sindano. Kila aliyemfahamu alijua hivyo. Lakini huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee hutazamwa mara mbili, kama ya mchawi, na wote tunajua yaliyowapata wengine kwa macho hayo, na hatupendi kuyasema. Nilimnunulia miwani. Aliivaa siku mbili, akasema inamfanya aone kokoto kubwa kuliko zilivyo.

Ofisa biashara alikuja mchana mmoja wa kiangazi. Fundi alisikia viatu, wateja wawili wakapita kwangu wakikimbia, mmoja na pini begani. Mimi nilijikausha nyuma ya pazia la dirisha langu la mbele nikachungulia. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie, niliuona ule mlango wa bluu ukifunguliwa. Fundi alimkaribisha ofisa kama mgeni wa heshima, akamwekea kiti hapo mlangoni, akaleta maji ya kunawa, kisha akaweka mbele yake bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyopikwa na kukaushwa, pamoja na karanga za kukaanga. Kwa Wasukuma mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Fundi aliitumia desturi hiyo kununua muda, na wateja walikuwa wameshafika barabarani.

Ofisa alikuwa kijana mpole. Alikula vizuri, akanawa, akamshukuru mama kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu." Ndipo akasema:

"Bibi, sketi yako imejaa nyuzi."

Fundi alijitazama. Akaanza kuutoa uzi mmoja mmoja.

"Sikuja kukufungia," aliendelea. "Ila siku moja atakuja mwingine asiyependa viazi. Njia ipo. Unaomba kiwanja chako kiruhusiwe makazi na biashara ndogo. Majirani watatu wanaopakana nawe waridhie, waweke saini. Mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri, sisi tupite tukague choo na njia ya kuingilia, tuwaone na majirani nyumbani kwao. Ikikamilika unatundika leseni ukutani na unafungua mlango wako huu."

Akamwachia fomu. Fundi aliiweka kwenye mfuko wa salfeti na kuilalia mwezi mzima.

Kilichomtoa kwenye hofu sikijui. Siku moja alikuja kwangu amevaa gauni la kanisani, fomu mkononi. Jirani wa kulia, Mama Kulwa, muuza dagaa, alikwisha kusaini. Mzee wa nyumba ya nyuma aliweka dole gumba. Nafasi ya tatu ilikuwa yangu, na ilikuwa tupu.

"Mwalimu," alisema, "nimechoka kusikiliza viatu."

Nilipaswa kuchukua kalamu. Ilikuwa mezani, nyekundu, ya kusahihishia. Badala yake nilisoma ile fomu, nikakumbuka maneno ya ofisa: tuwaone na majirani nyumbani kwao. Nyuma ya kochi langu kulikuwa na ubao. Jioni na Jumamosi nilifundisha tuisheni pale sebuleni, wanafunzi tisa, na wazazi wao walikuja kuwachukua na kuulizia maendeleo. Nami pia nilikuwa nimegeuza nyumba yangu biashara. Tena mimi ni mtumishi wa umma. Nilimwona akilini ofisa amesimama sebuleni kwangu, jicho lake linatembea kutoka ukutani hadi kwenye kochi.

"Niachie niisome vizuri, Fundi," nilimwambia.

"Soma, mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Niliitia kwenye droo chini ya madaftari. Aliniuliza baada ya wiki, nikasema bado. Aliniuliza tena, nikasema natafuta nakala ya hati yangu, jambo ambalo fomu haikuitaka. Mara ya tatu hakuuliza. Alinisalimia tu penye minyaa na kunitazama kwa macho yale mekundu, mimi nikamsifia mboga zake.

Katika majuma hayo mteja wake mmoja wa upande wa Bulyanhulu alifariki kwa maradhi ya figo. Wifi yake akaja kuchukua nguo iliyokuwa imebaki kwa fundi. Alipita kwangu. Mimi ndiye niliyemwelekeza, nikamwambia ainame asije akagonga kamba ya kuanikia. Sikujua kwamba Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekwisha kuishusha kamba ya marehemu, yuko kwenye fundo la pili na midomo inacheza. Wifi aliona kipande cha kitenge cha marehemu kwenye ncha. Akainua macho, na kupitia mlango ulio wazi akaona ukuta wa kamba. Alirudi kinyumenyume. Nilimwona akipita jikoni kwangu bila kuaga, na mikono yake ilikuwa mitupu. Nguo ya marehemu aliiacha.

Siku chache baadaye Mama Kulwa alinikuta bombani.

"Umesikia wanayosema?"

"Sijasikia."

"Wanasema kila kamba mule ndani ni mtu. Akifungua fundo, mtu anakwenda." Alitua ndoo. "Wanauliza, kama ni fundi wa halali, kwa nini watu waingie kwa kujificha? Kwa nini mlango haufunguliwi? Mwalimu, ile karatasi ulishaimaliza?"

Nilisema naimalizia. Nilirudi nyumbani na ndoo iliyojaa nusu, nikafungua droo, nikaitazama fomu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Kama ningesaini sasa, nami ningehesabiwa miongoni mwa watu wake. Nikaifunga droo. Nimejaribu miaka hii kutafuta namna nyingine ya kulisema hilo, na sijaipata.

Walikuja Jumamosi mchana, jua likiwa kali. Fundi hakuwasikia. Masikio yake yote yalikuwa yakingoja soli ngumu, na hawa walivaa katambuga za matairi na ndala, wengine peku. Hawakuja kwa mlango wa bluu. Walijua njia, kwa hiyo walipita kwangu, wanaume kama kumi na tano na wanawake kadhaa nyuma, wakapita mbele ya sufuria zangu wakainama chini ya kamba ya kuanikia. Hakuna aliyepiga kelele. Ningalisikia kelele pengine nisingaliogopa vile.

Nilipofika walikuwa wamemsimamisha uani. Alikuwa na kitambaa cha mtu begani na pini mdomoni, tatu, na hakuna aliyemruhusu kuzitoa. Kamba zilikuwa chini, wamezing'oa kwa mafungu. Mwanaume mmoja, mrefu, mwenye shati la mgodini, alikuwa na rungu, ameliegemeza tu kwenye goti lake.

"Hawa ni akina nani?" alikuwa akiuliza, akionyesha kamba kwa kidole cha mguu. "Tutajie mmoja mmoja."

Nilikimbia ndani kwangu. Wengi wangesema nilikimbia kujificha, na ninajua kwamba kwa hatua mbili za kwanza ndivyo nilivyotaka. Lakini nilirudi na fomu. Nilisimama mbele yao, nikaisoma kwa sauti yangu ya darasani: jina la kazi, ushonaji, mahali, nyumbani, ombi, kupokea wateja. "Huyu ni fundi wa nguo," nikasema. "Anaomba leseni. Hii hapa. Serikali inamjua."

Mwenye rungu aliichukua. Aliisoma polepole hadi chini.

"Hapa pameandikwa jirani wa kushoto," alisema. "Ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona hujasaini?"

Nilimtazama Fundi, naye akanitazama, pini bado mdomoni.

Yule mtu akawageukia wenzake na karatasi mkononi. "Mwalimu anaishi naye ukuta kwa ukuta. Msomi. Amegoma kusaini. Mnadhani hajui kitu?"

Mnong'ono ulipita kati yao, nao wakasogea hatua moja. Nilisikia mkojo wa moto ukinitiririka mguuni, na hilo nalisema kwa sababu nimeamua kusema yote.

Aliyefanya kitu ni Mama Kulwa. Alipenya katikati yao na harufu yake ya dagaa, akapiga magoti kwenye kamba, akachambua hadi akapata yenye kitambaa cha kijani. "Hii ni yangu," alisema. Akatupa khanga chini, akabaki na gagulo na blauzi mbele ya wanaume wote wale, akajizungushia kamba kifuani. Fundo lilifika kwenye ncha. Akaishusha kiunoni, fundo la pili likafika. Akaizungusha kwenye nyonga zake pana, taratibu, akigeuka ili kila mmoja aone. "Nipimeni wenyewe," alisema. "Hiki ndicho anachokificha. Makalio yangu. Nani anataka kuyaona tena?"

Mwanamke mmoja wa nyuma aliguna. Halafu akatoka, akainama, akaokota kamba yenye kitambaa cha zambarau. Ilikuwa yake, naye alikuwa amekuja na kundi. Hakuipima. Aliishika tu mkononi huku anatazama chini. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa alipofika na mgambo wawili, viatu vyao vikilia kwenye kokoto, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa njia ile ile ya kwangu. Mwenye rungu aliikunja karatasi, akanirudishia.

Fundi alitoa pini mdomoni. Moja ilikuwa na damu. Aliokota kamba zote, hakuacha hata moja, na Jumatatu alfajiri alipanda gari la Kishapu na cherehani yake imefungwa kwa shuka. Mimi nilisaini jioni ya Jumapili. Nilipoipeleka hakufungua mlango.

Mwaka uliofuata, msimu wa kuuza pamba, nilikwenda Mhunze, huko Kishapu, siku ya mnada. Nilijua yuko huko kwa mtoto wa kaka yake. Nilimkuta barazani kwenye fremu ya duka, katikati kabisa ya watu, mlango wa duka nyuma yake umefunguliwa wazi pande zote mbili. Leseni ilikuwa ukutani ndani ya kioo. Tepu ilikuwa shingoni. Hapakuwa na kamba hata moja. Kabla ya kunitazama usoni alitazama viatu vyangu, na nikaona mguu wake unasimama kwenye kanyagio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umevaa ndala."

Siku ya mnada karibu kila mtu amevaa ndala. Niliketi kwenye benchi lake kama saa moja, na kila hatua laini iliyopita karibu ilimfanya anyanyue kidole, akangoja, kisha akakishusha. Hakusema "amekwenda." Mchunga ng'ombe mmoja alipita na fimbo yake nyuma yetu, na sindano ya Fundi ikakosa kitambaa. Nilitamani kumwambia asiogope. Sikuwa na uso wa kulisema hilo.

Nilitoa fomu kwenye mkoba. Majina matatu, saini mbili na dole gumba, ya kwangu kwa wino mwekundu. Aliipokea kwa mikono miwili kwa adabu yake ya siku zote, akaisoma hadi mwisho. Kisha akaikunja mara nne, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza ya cherehani uliokuwa ukiyumba. Akaijaribu meza kwa kiganja. Haikuyumba tena.

"Umenenepa," alisema. "Simama nikupime. Utakwenda na gauni."

Nilisimama. Watu walikuwa pande zote, wauza chumvi, wauza ndala, vijana wa pikipiki. Nilinyanyua mikono. Alinizungushia tepu kifuani, akavuta, akasoma namba kwa sauti. Nilidhani amejisahau. Akashuka kiunoni, akaitaja namba yangu kwa nguvu zaidi, mpaka wauza ng'ombe wa ng'ambo ya njia wakageuka kutazama. Kisha nyonga. Alikuwa amesimama karibu sana nami, macho yake mekundu yametulia usoni kwangu, anataja kila kitu cha mwili wangu ili kila apitaye asikie kwamba hapa pana fundi wa nguo na hafanyi kingine chochote.

Sikumwomba ashushe sauti. Niliendelea kunyanyua mikono mpaka alipomaliza.